Picha ya CT ilikuwa safi, lakini niliumia

Lori lilipoigonga tuktuk yetu Makupa, picha ya CT ya kichwa changu ilitoka safi. Miezi ikapita, kichwa bado chauma, mwanga wanichoma macho, na dukani Marikiti nikawa napima bizari nasahau nampimia nani. Daktari wa kampuni ya bima akaandika kwamba picha haina kasoro, basi sina ulemavu wowote. Iliniuma sana, maana mateso nilikuwa nayaishi kila siku.

Binti yangu akatafuta makala za kitabibu kuhusu mtikisiko wa ubongo, tukampelekea wakili wetu wa kesi ya fidia. Akazisoma zote, kisha akasema: "Mama, karatasi haili kiapo wala haihojiwi. Tutafute daktari wa kuzisimamia." Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya huipa mahakama nafasi ya kupokea maoni ya mtaalamu, na makala zile zingepita kwa mlango huo.

Tukampata mtaalamu wa neva. Alinieleza kwamba CT huonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, lakini nyuzi nyembamba za ubongo zikivutwa na kishindo huenda zisionekane kabisa. Halafu akaniuliza swali ambalo kesi nzima ilisimama juu yake: utafiti huzungumzia watu wengi kwa pamoja, je, ni nini kinachoonyesha kwamba wewe ni mmoja wao?

Jibu lilikuwa kwenye faili ya wodi. Nikaomba nakala ya kila ukurasa, hata chati za wauguzi ambazo watu huziona si kitu. Kwa kalamu ya buluu muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa ameandika: kipimo cha Glasgow 14 kati ya 15, ametapika, hajui leo ni siku gani. Kipimo hicho cha kiwango cha fahamu hutumika tangu 1974, na alama 13 hadi 15 huhesabiwa jeraha jepesi la ubongo, lile lile lililochunguzwa kwenye zile makala.

Mahakamani wakili wa upande wa pili alimbana daktari wetu. "Si utafiti wako wenyewe unasema wengi hupona?"

"Ndiyo, wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Wachache huendelea kuumwa kwa miezi, wengine zaidi." Kisha akafungua faili yangu akasoma maneno ya muuguzi, na maandishi ya kliniki ya miezi iliyofuata, tarehe baada ya tarehe. Nilipenda kwamba hakuficha lile la kupona. Daktari anayeficha nusu ya utafiti hushikwa hapo hapo.

Kesi ya madai haihitaji uhakika wa asilimia 100. Yatosha mizani ielemee upande wako. Hakimu alikubali maelezo ya daktari wetu, na katika hukumu akataja chati ya muuguzi kabla ya makala yoyote. Nikalipwa fidia ya maumivu pamoja na gharama za matibabu.

Kwa aliye katika hali kama yangu: omba nakala za wodi mapema. Kesi ya ajali hufunguliwa ndani ya miaka 3, na faili za hospitali hupotea.