Tanga la Mkilifi

Leo imetimia siku ya arubaini tangu fundi alipozima msumeno wake, akajikung'uta unga wa mbao na kutuaga. Nimeketi uani kwetu, Kisauni, mjini Mombasa, nikiwa nimelielekea tanga la jahazi lililochongwa kwenye mti, lenye kimo cha mita mbili na nusu, ambalo mizizi yake bado imo ardhini, na nimeona ni heri niandike sasa, wakati ningali nakumbuka jinsi lilivyotoka ndani ya kisiki.

Mkilifi ule, ambao watu wa bara huuita mwarobaini, ulipandwa na marehemu baba kabla sijazaliwa. Mwaka jana ulichimbwa mtaro wa bomba nyuma ya ukuta wetu, na mizizi yote ya upande mmoja ikakatwa. Baada ya miezi michache mti ukaanza kuliegemea paa la jirani, na hapakuwa na njia ila kuukata. Wakataji walipofika nikawasihi waliache shina juu kidogo ya kichwa changu. Sikuwa na mpango wowote wakati huo. Nilichojua ni kwamba nisingeweza kutoka asubuhi na kukuta uwanja mtupu mahali ambapo nimepaona pana kivuli maisha yangu yote.

Usiku ule nilizikumbuka picha za visiki vya Galveston, huko Texas nchini Marekani, ambazo niliwahi kuzitazama kwa muda mrefu. Galveston ni mji wa kisiwa kama wetu, wenye bandari yake na chumvi yake. Septemba 2008, kimbunga kilichoitwa Ike kiliisukuma bahari hadi mitaani, maji ya chumvi yakazama udongoni, na miti ipatayo 40,000 ikafa, ikiwemo mialoni mikubwa iliyopandwa baada ya kimbunga kingine kibaya zaidi cha mwaka 1900. Wenye nyumba wengi hawakukubali visiki ving'olewe. Waliwaita wachongaji wanaotumia msumeno wa mnyororo, na mbele ya nyumba zao wakasimamishiwa pomboo, ndege wa majini, na hata mbwa mkubwa aliyeketi kama anayemngoja mwenyewe arudi. Miaka mitatu kabla ya hapo, kimbunga Katrina kilipoupiga mji wa Biloxi katika jimbo la Mississippi, mialoni iliyokufa kando ya barabara ya pwani ilichongwa vivyo hivyo, na mmoja wa wachongaji wake, Marlin Miller, alijitolea kazi yake kwa ajili ya mji ule. Ustadi wao ni mkubwa, lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba kazi zile hazikubebwa kutoka popote. Kila moja imesimama pale pale mti ulipokuwa, hivyo anayepita njia anakutana na mchongo mahali alipozoea kukutana na kivuli.

Nilipomweleza Mama wazo langu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mti ufanye utakavyo, lakini sanamu la kiumbe mlangoni kwangu silitaki."

Sikubishana naye, na wala sikuona kwamba amenifungia njia. Ukizunguka Mji wa Kale na kuisoma milango yake utaona jinsi mafundi wetu wa zamani walivyofika mbali bila kuhitaji uso wa mnyama wala wa mtu: maua ya yungiyungi, majani yanayopandana, mawimbi, na ule mnyororo unaoizunguka fremu. Basi nikamuuliza Mama, kati ya vitu vyote, baba alipenda kukitazama kitu gani zaidi. Hakufikiri hata kidogo. Baba alikuwa baharia wa majahazi yaliyokuwa yakienda Lamu, na hata alipokwisha kustaafu, alikuwa akiliona tanga limejaa upepo hunyamaza katikati ya maneno.

Fundi niliyempata ni Mkamba aliyejifunza kuchonga Changamwe, kwenye ule ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa mwaka 1963, ambao watalii wengi wanaufahamu kwa twiga na vifaru wake. Alimwamkia Mama, akaitikiwa, kisha akakizunguka kisiki mara tatu bila kusema neno, akikigonga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Tanga hakuwahi kulichonga. Aliomba nimpeleke bandari ya zamani akaone majahazi, na tukakaa pale alasiri nzima huku akichora kwenye kipande cha katoni jinsi foromali, ule mti unaobeba tanga, inavyoinama na jinsi kitambaa kinavyofura katikati na kukazika ukingoni.

Lazima niseme kwamba msumeno wenyewe nilikuwa siupendi. Wenyewe huuita pawasoo, na kwa miaka mingi nikiusikia ukinguruma nilijua kuna kitu kinakufa. Mpingo na muhugu, miti iliyowalisha wachongaji wa nchi hii kwa vizazi, ilikatwa hadi ikaadimika, na hata msitu wa Arabuko-Sokoke haukunusurika na wakata muhugu. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 wachongaji wamekuwa wakihimizwa wahamie kwenye miti inayokua upesi mashambani na majumbani, yaani mkilifi, mwembe na jakaranda. Nilimweleza fundi jambo hili waziwazi. Alijibu kwamba yeye pia amewahi kusafiri siku nzima akitafuta gogo moja la muhugu na kurudi mikono mitupu, na kwamba tangu hapo hachongi ila mti ambao tayari umekatwa kwa sababu nyingine. Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwamini.

Alianza kazi Jumatatu ya mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma. Mkato wa kwanza ulinishangaza, kwa sababu haukuwa na uhusiano wowote na tanga: alikipasua kisiki kwa nyuma, wima, kuanzia juu hadi karibu na chini, hadi ncha ya msumeno ikafika kwenye kiini. Nilidhani amekosea. Akaniambia kwamba mti mbichi ukikauka hunywea zaidi kwa kuzunguka duara la shina kuliko kwa kuelekea kiini, na kwa hiyo lazima upasuke mahali fulani. Mchongaji hawezi kuuzuia ufa, lakini anaweza kuuchagulia mlango. Ukishamfungulia mti upande wa kisogo, uso una matumaini ya kubaki mzima. Kila jioni alikivika kisiki magunia yaliyoloweshwa maji ili upepo wa kaskazi usikikaushe kwa pupa.

Baada ya mkato ule, mambo yalikwenda kwa kasi ambayo sikuitarajia. Katika saa moja vipande vikubwa vilikuwa vimeanguka pande zote, vikiwa na rangi nyekundu ya mkangazi, ambao ni wa ukoo mmoja na mkilifi, na harufu ya uchungu ikaenea hadi jikoni. Sauti ya msumeno ni kali mno. Tulikuwa tumewaarifu majirani mapema, na kila adhana ilipokaribia fundi alizima mashine na kuketi kivulini. Alivaa kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizuia sauti masikioni. Miguuni alikuja na suruali mbili tu za jinsi, na hilo sikulikubali. Siku ya kwanza tuliiahirisha hadi saa tano, nilipofanikiwa kuazima kinga za miguu zenye nyuzi ndani, ambazo mnyororo ukizigusa nyuzi zake huchomoka na kuukaba usizunguke. Hatari kubwa zaidi, alinieleza, iko kwenye sehemu ya juu ya ncha ya msumeno: ikigusa mti vibaya, mashine nzima hurushwa nyuma kuelekea uso wa aliyeishika. Kwa sababu hiyo wachongaji hutumia ubapa, yaani kile chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka, wenye ncha nyembamba kuliko ule wa wakata miti. Ncha hiyo haipigi teke kwa nguvu sana, na huingia kwenye kona ambazo ncha pana haiwezi kugeuka.

Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, tulisikia mlio wa chuma na cheche zikaruka. Fundi alizima mashine papo hapo. Ndani kabisa ya shina, karibu upana wa kiganja kutoka gandani, palikuwa na msumari, na mbao iliyouzunguka ilikuwa imegeuka nyeusi yenye ubuluu kama iliyomwagiwa wino. Meno ya mnyororo yaliharibika. Alitumia zaidi ya nusu saa kuyanoa moja moja kwa tupa ya duara, wala hakulalamika. Mama alitoka kuuliza kwa nini pamekuwa kimya. Aliuangalia msumari ule, akaugusa, na akatuambia kuwa ni wa kamba ya kuanikia nguo, na kwamba baba aliupigilia wiki ile ile waliyohamia katika nyumba hii. Mti ulikuwa umeumeza taratibu, mwaka baada ya mwaka, hadi sote tukasahau kwamba upo. Fundi alikuwa ameshika koleo tayari kuung'oa. Mama akasema, "Uache, mwanangu," naye akauacha. Alibadilisha mchoro wake kidogo ili msumari uangukie pale foromali inaposhikana na mlingoti, mahali ambapo chombo cha kweli kingekuwa na kamba.

Siku ya tatu msumeno uliwekwa chini na tezo, kile kishoka chenye makali ya kukingama, likachukua nafasi. Nimeona kwamba wachongaji wa ng'ambo wengi humaliza kazi zao kwa mashine: msumeno, kisha mashine ndogo ya kusagia, kisha moto wa gesi wa kuunguza uso wa mbao ili mistari ijitokeze, na mwisho mafuta. Sidharau njia hiyo, lakini nilipolilinganisha tanga kabla ya tezo na baada yake nilijua nimependa lipi. Msumeno hutoa umbo kubwa kwa ujasiri ambao mkono peke yake ungeutafuta kwa wiki nzima. Hata hivyo uso unaoachwa na mnyororo ni uso ulioraruliwa. Tezo hula kidogo kidogo, na kila pigo huacha kijibonde kidogo kinachoshika mwanga, kiasi kwamba jua la asubuhi likipita juu ya tanga letu kitambaa huonekana kinatetemeka. Upande mmoja tu niliomba usiguswe na tezo wala msasa, nao ni wa chini. Pale makovu ya mnyororo yamebaki yalivyo, yakipishana na kukatana, nayo ndiyo bahari. Pembeni mwa bahari hiyo fundi alizungushia utepe mwembamba wa mnyororo kama ule wa milango ya Mji wa Kale, na akauchonga kwa patasi, pete baada ya pete, kwa siku mbili kamili.

Jirani yetu mmoja, mzee wa Kigiriama, alikuja kutazama akakaa kimya kwa muda. Kisha akanizungumzia vigango, zile nguzo za kumbukumbu ambazo Wamijikenda huwachongea wazee waliokuwa wa chama cha gohu. Kigango huchongwa kwa mti mgumu kama muhugu, husimikwa ardhini, na hakitakiwi kuhamishwa. Kinaachwa kipigwe na mvua na jua hadi kianguke chenyewe. Vingi viliibwa na kuuzwa, vikaishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani, ambako vilisimamishwa kwenye vyumba vikavu, mbali na wale waliochongewa. Viwili vilirudishwa nchini mwaka 2007, na vingine vimefuata baadaye. Mzee hakukilinganisha kisiki chetu na kigango, nami pia silinganishi, kwa sababu kigango kina maagano ambayo tanga letu halina. Lakini nilimwelewa aliposema kwamba mti uliochongwa una mahali pake. Wiki iliyofuata mpita njia mmoja aligonga lango akauliza tungelitoa tanga kwa bei gani, kwani lingependeza kwenye ukumbi wa hoteli. Nilimwonyesha mizizi.

Nilimuuliza fundi litadumu miaka mingapi. Hakunidanganya kwa kutaja idadi. Alisema mkilifi una uchungu ambao wadudu wengi hawaupendi, ila adui wa kisiki chochote ni pale mti unapokutana na udongo, kwa sababu unyevu hupanda na kukaa humo, na kuoza huanzia hapo. Alinielekeza niondoe majani na mchanga unaojikusanya kuzunguka shina, nilipake mafuta ya kitani mara mbili kwa mwaka, na nisijaribu kamwe kuuziba ufa kwa saruji, kwani saruji hukamata maji na kuyafungia ndani.

Kamba ya kuanikia nguo imerudishwa kwenye msumari wake. Mama ndiye aliyetaka, na Jumamosi kanga zake zilikuwa zikipepea pale.

Ufa nao umekuja. Niliugundua wiki ya pili, kwenye kisogo, ndani ya ule mkato wa kwanza kabisa, na tangu hapo nimekuwa nikiupima. Mwanzoni ukucha haukuweza kuingia. Leo sarafu ya shilingi 20 inapita wima bila kugusa pande zote mbili. Upande wa mbele nimeupitisha kiganja kuanzia kwenye foromali hadi kwenye mawimbi, polepole, nikiwa nimefumba macho ili vidole visikie vizuri zaidi, na sikukuta kitu. Fundi atarudi kabla ya masika, na mafuta nimekwisha kuyanunua.