Swali namba 14

Ilikuwa 2014, Ramadhani iliangukia mwezi wa saba, mimi natoka mwaka wa pili naingia wa tatu kwenye digrii ya mazingira, na supavaiza alikuwa ameshanipitishia topiki ya riseachi, mikoko ya delta ya Rufiji, kwamba inakatwa kiasi gani kwa ajili ya mashamba ya mpunga na je, wananchi wana uelewa kiasi gani. Hilo neno uelewa ndo lilibeba kazi yangu nzima. Darasani tulishafundishwa kwamba ule ndo msitu mkubwa wa mikoko Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, ni hifadhi kisheria toka 1928 enzi za Mwingereza, na kamba wengi wanaovuliwa Tanzania wanakulia mle mle kwenye mizizi. Sasa ukishajua yote hayo unajiuliza, huyu anayekata anakata kwa nini, na jibu lililonijia haraka ni kwamba hajui. Nikatunga dodoso la maswali 32, nikatoa nakala 40 kwa hela ya bumu, ile ya mkopo wa wanafunzi, na swali namba 14 liliandikwa hivi: Je, unafahamu faida za mikoko? (a) Ndiyo (b) Hapana.

Habari za vibali naziruka, nilizunguka ofisi hadi ofisi siku tatu. Nikapanda gari Mbagala mpaka Bungu, kutoka pale bodaboda mpaka Nyamisati, mwenyekiti akanitafutia kijana mwenye mtumbwi wa kunizungusha. Jioni tukiwa tunapanga safari kijana akaniuliza, "Kesho mwezi ngapi?" Nikamwambia mwezi kumi na nne, tunahesabu mfungo wote hapa. Akasema basi bamvua hiyo, asubuhi maji yanapwa sana, bora twende mchana. Mi nikamwambia hapana, ratiba yangu inasema saa moja asubuhi, nna ploti nne za kupima. Akanyamaza. Alikuwa mdogo kwangu na mi ndo nilikuwa nalipa, na mpaka leo naona vibaya kwamba kijana aliyezaliwa kwenye yale maji alinyamaza kwa sababu ya karatasi yangu.

Saa tatu na nusu mtumbwi ukakaa kwenye tope. Kijito kilichokuwa na maji ya kutosha muda mfupi nyuma kikawa mfereji mwembamba, pembeni tope linang'aa na kaa wanakimbia huku na huku. Kijana akasema maji hayarudi mpaka saa nane. Tukashuka, tope likatufika magotini, tukatembea mpaka kwenye shamba tuliloliona kwa mbali lenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa Rufiji wanakaa kulinda mpunga. Juu yake alikuwa bibi mmoja na wajukuu wawili wenye makombeo wanafukuza ndege.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Nyie maliasili?"

Kijana akamjibu haraka haraka kwamba huyu si mtu wa serikali wa misitu, ni mwanafunzi, na bibi akanitazama muda kidogo ndo akatukaribisha tukae kivulini.

Nikaona nisipoteze muda, nipime miti ya pale pale. Utaratibu ni kwamba kipenyo kinapimwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka chini. Kulikuwa na mchu mkubwa, aina mojawapo ya mikoko, hatua chache kutoka kwenye dungu, nikazungusha tepu na tepu ikazama. Gome lilikuwa limebanduliwa kuzunguka shina zima, upana kama wa kiganja, pale pale kwenye mita 1.3, maana ndo usawa ambao shoka linafika bila mtu kuinama. Mti umekauka umesimama, hauna jani hata moja, na mpunga wa njano umeuzunguka mpaka masuke yanagusa shina. Ile mizizi ya kupumulia inayochomoza kwenye tope kama penseli bado ilikuwepo katikati ya mpunga, mingine imekatwa, mingine imeoza. Nikapandisha tepu juu ya lile kovu nikaandika sentimita zangu, mikono inatetemeka, sijui ni njaa ya mfungo au ni nini.

Bibi alikuwa ananiangalia tu kutoka juu. "Huo tumeubandua mimi na marehemu mume wangu," akasema. "Mchu haukatiki kirahisi, na ukiwepo mpunga haupati jua. Ukiutoa gome unakufa wenyewe taratibu."

Alisema wazi kabisa, bila kujificha. Nikapanda kwenye dungu, nikatoa dodoso, nikaanza namba 1. Tulipofika namba 14 nikamsomea kama ilivyoandikwa. Akacheka kidogo, kicheko cha upole, halafu akaanza kutaja mikoko aina kwa aina. Mkandaa unatoa boriti na fito, na gome lake ni rangi. Mkomafi ni mbao. Mlilana ndo mataruma, zile mbavu za jahazi. Msikundazi mlingoti. Mkoko wenyewe, ule wenye miguu, kamba wanajificha humo wakiwa wadogo, ukikata wote hakuna kamba. Upepo wa bahari ukija mikoko inaupunguza. Babu yake alikuwa anapakia boriti kwenye majahazi ya Waarabu. Mimi naandika siwahi, na kwenye karatasi nilikuwa nimeacha mistari miwili tu.

Alivyomaliza akaniuliza, "Humo umeandika kuniuliza nakula nini?"

Nikapekua karatasi zote tano. Kulikuwa na kipato kwa mwezi, elimu, umri, idadi ya watu kwenye kaya. Chakula hakikuwemo.

Basi akanieleza mwenyewe bila swali. Kwamba maji matamu ya mto yalihamia upande ule wa kaskazini baada ya mafuriko ya 1978, ndo mpunga ukaanza kukubali kwenye tope la mikoko. Kwamba mche ukiwa mchanga kaa wanakuja usiku wanaukata kwa magando, asubuhi unakuta majani yanaelea, na msimu ule alipandikiza mara tatu. Kwamba shamba likikaa miaka kadhaa linachoka, magugu yanazidi, unaliacha unasogea mbele, na kusogea mbele maana yake ni mchu mwingine. Alinionyesha kwa kidole lile aliloliacha, mmea unaotambaa umelifunika lote, hakuna mpunga wala mkoko. Pale sauti yake ilishuka. Hakuna aliyekuwa anaumia na ule msitu kuliko yeye, hilo nilisema siku ya kutetea riseachi na nalisema hata sasa.

Saa nane maji yakarudi, kwanza povu kidogo kwenye kijito halafu mtumbwi ukainuka wenyewe. Bibi akanifungia mchele mpya kwenye kitambaa, akasema futari hiyo, nikakataa, akaniambia mjukuu wangu hukatai chakula mwezi huu, nikapokea kwa mikono miwili.

Usiku baada ya kufuturu wali ule kwa nazi nikakaa na taa nikaanza kufuta swali namba 14 kwa kalamu, nakala moja moja, na juu yake nikaandika kwa mkono: Mpunga mliovuna mwaka jana uliisha mwezi gani? Asubuhi yake wa kwanza kumuuliza alikuwa mama yake yule kijana wa mtumbwi, alikuwa anapepeta mchele uani. Hakuacha kupepeta.

"Mwezi wa kumi na moja," akasema. "Na kwenu?"