Kidonda cha unyayo na namba niliyokiandikia

Mzee yule alikuwa akija kila baada ya wiki mbili, akitembelea kisigino. Ujana wake wote alikata mkonge, uzeeni akahamia Makorora, hapa Tanga mjini, kwa binti yake. Kidonda kilikuwa chini ya unyayo wa kushoto. Mimi nakaa chumba cha kumbukumbu, na majalada hunifikia alasiri, wagonjwa wakishaondoka. Kazi yangu ni kusoma alichoandika tabibu na kukigeuza kuwa namba ya ugonjwa. Jalada la mzee yule niliandika L97 mara sita.

L97 ni kidonda cha mguu kisichokuwa na mahali pengine pa kuwekwa. Tabibu alikuwa akiandika "kidonda sugu, mguu", basi. Hakuandika unyayo, hakuandika rangi, nami sikuinuka kwenda kumuuliza. Safari ya saba alikuwepo tabibu mwingine. Huyo aliandika mistari minne: kidonda cha unyayo, kingo nyeusi zisizo sawa, hakifungi miezi mingi, mitoki upande wa kushoto. Kikakatwa kipande kidogo cha nyama yake, kikapelekwa maabara. Majibu yaliporudi niliandika C43.7, melanoma, yaani saratani ya seli za rangi ya ngozi, ya mguu, na chini yake C77.4, saratani iliyokwisha kufika kwenye tezi za kinena. Ile mitoki ndiyo hiyo.

Siku aliyokuja kuchukua barua ya rufaa ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, nilikuwa dirishani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wameniambia kidonda changu kina jina sasa."

Nilimpa barua kwa mikono miwili, nikainamisha macho.

Namba haimponyi mtu wala haimwui, hilo nalijua. Lakini taarifa za kila mwezi zilipokwenda juu, mahudhurio yake sita yalihesabiwa pamoja na vidonda vingine vyote vya miguu. Anayepanga dawa, anayeamua daktari wa ngozi apelekwe wapi, anayeuliza kama huku kwetu saratani ya ngozi ipo au haipo, alisoma vidonda sita na saratani sifuri. Na sifuri ile niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Watu wengi, hata wa humu kazini, wanaamini saratani ya ngozi ni ya Wazungu na jua lao la pwani. Melanoma ni kweli huwapata wao zaidi. Kwetu sisi weusi ni nadra, ila ikija hupenda pale ambapo jua halifiki na rangi ni hafifu: unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, yake ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Mtu anayetembea na kandambili maisha yake yote haoni ajabu doa jeusi chini ya mguu. Atasema nimekanyaga kitu.

Sasa nieleze namba zenyewe, maana zikieleweka ni kama ramani. Tunatumia toleo la 10 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililopitishwa mwaka 1990. C43 ni melanoma, C44 ni saratani nyingine za ngozi. Tarakimu inayofuata nukta ni mahali mwilini: 0 mdomo, 1 kope, 2 sikio, 3 sehemu nyingine za uso, 4 kichwa na shingo, 5 kiwiliwili, 6 mkono na bega, 7 mguu na nyonga. Halafu kuna 9, mahali hapakutajwa. Hiyo 9 inaniuma kila ninapoiandika, kwa sababu mgonjwa alikaa mbele ya tabibu na kidonda chake kikaonekana kwa macho.

Saratani iliyo bado juu juu, haijapenya chini, inaingia D03 kama ni melanoma, D04 kama ni aina nyingine. Doa la rangi kwenye ngozi, lile dogo jeusi lisilo na shida, ni D22. Uvimbe wa ngozi ambao maabara imeupima na bado haiwezi kusema ni mbaya au la ni D48.5. Naiheshimu sana D48.5: inasema ukweli kwamba jibu halijapatikana. Saratani ya Kaposi ikiwa ya ngozi ni C46.0, lakini ikiwa imeletwa na VVU huhamia B21.0, na hapo wengi tunateleza.

Upungufu mkubwa wa toleo hili uko kwenye C44. Inakwambia saratani iko sikioni, haikwambii ni ya seli zipi. Toleo la 11, lililoanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, limezitenga: 2C31 ni ya seli bapa, ambayo ikiachwa husambaa, na 2C32 ni ya seli za msingi, ambayo aghalabu hula pale pale ilipo. Kwa mtu mwenye ualbino tofauti hiyo ni kubwa mno.

Maana yuko binti mmoja, mama yake anauza samaki soko la Deep Sea. Tangu mdogo alikuwa akikaa na mama gengeni, kichwani kakanga tu. Jalada lake lina E70.3, ualbino, lakini kwa miaka miwili kila hudhurio liliandikwa L30.9 peke yake, ukurutu usiotajwa aina. Magamba yale magumu kwenye paji na masikio hayakuwa ukurutu. Ni L57.0, magamba ya jua, na baadhi yake hugeuka saratani. Namba mbili zikikaa pamoja, E70.3 na L57.0, yeyote afunguaye jalada anajua huyu ni wa kuangaliwa ngozi yote kila anapokuja, apewe mafuta ya kuzuia jua, yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, yakipatikana, na avae kofia ya ukingo mpana.

Na "upele"! Neno hili moja limebeba ule unaoambukiza familia nzima, B86. Limebeba mapunye ya watoto, B35.0, limebeba hata chunusi, L70. Mgonjwa ana haki ya kusema upele. Tabibu aandike alichokiona.

Siku hizi sisubiri alasiri. Jana limeletwa jalada la mama wa Mikanjuni: "kidonda, mguu". Nikalichukua, nikavuka ua hadi chumba namba nne.

"Samahani daktari, mguu sehemu gani?"

Akafikiri kidogo. "Unyayo. Karibu na kisigino."

"Rangi yake?"

Alinitazama, kisha akasimama akaenda mlangoni kumwita mama kabla hajafika getini. Tulimkuta foleni ya dawa, kiatu kimoja mkononi.