Guangzhou bila mwenyeji wa kulipwa

Kila anayejiandaa kwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo huambiwa jambo lile lile: treni za kule usizisogelee, utapotea, tafuta mwenyeji akuzungushe. Niliambiwa hivyo na watu wa Kariakoo ninaowaheshimu, nikaambiwa tena ndani ya ndege, na nilipofika hotelini, mtaa wa Xiaobei, nikaambiwa mara nyingine kabla hata sijapewa ufunguo. Ushauri huo umewatoa wafanyabiashara wengi pesa ambayo ingenunua majora ya kitambaa, na bado unaniudhi. Anayejua kusoma namba na herufi za kwanza za alfabeti anaweza kuzunguka Guangzhou peke yake.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa kwetu huku huku, mchangamfu, akitoza kama yuan 300 kwa siku, chakula juu yangu na nauli juu yangu. Asubuhi tunateremka chini ya ardhi, ananikatia tiketi, tunapanda, tunashuka, tunapanda nyingine. Nikimwuliza kwa nini tumebadilisha treni pale, ananiambia, "Dada yangu, wewe nifuate tu. Huku si Dar. Ukipotea huku hata ubalozi hawakupati." Nikanyamaza, nikaanza kumwangalia macho yake yanaelekea wapi. Yule kijana hakuwa anasoma Kichina hata kidogo. Alikuwa anatazama namba ya laini na rangi yake ukutani, na tukitoka anatafuta herufi ya mlango. Basi, ni hivyo tu! Jioni nikamlipa chake, nikamshukuru kwa moyo mmoja, nikamwambia kesho apumzike.

Kabla sijaingia kwenye treni, nieleze habari ya basi la abiria, maana ndilo lililonitoa jasho. Mama mmoja tuliyekaa naye hoteli moja alinishauri treni niachane nazo, nipande basi la yuan 2, nimwonyeshe dereva kadi ya hoteli, atanishusha mlangoni. Nauli ni kweli yuan 2. Unaitumbukiza kwenye sanduku lililo pembeni mwa dereva, na sanduku hilo halina chenji: ukitumbukiza 10, ndiyo imekwenda. Nilikuwa natoka soko la vitambaa la Zhongda, mfuko wa sampuli begani, nikampa dereva kadi. Ilikuwa na jina la hoteli kwa Kiingereza, herufi za dhahabu, linang'aa. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akaniashiria nikakae. Nikakaa. Vituo vinatangazwa kwa lugha ya Kichina na ya Kikantoni, giza linaingia, maghorofa yanafanana, abiria wanapungua. Mwisho basi likaingia kwenye uwanja uliojaa mabasi matupu, dereva akazima injini, akachukua chupa yake ya chai akashuka. Jina lile la dhahabu ni la kutumiwa na sisi wageni. Wenyeji wanaijua hoteli kwa jina lao la Kichina, na hayo mawili hayafanani hata kwa silabi moja.

Nilichofanya pale najivunia mpaka leo. Teksi sikuita. Kwenye simu nilikuwa na picha niliyopiga asubuhi ya kibao cha kituo cha treni cha Xiaobei, chenye maandishi ya Kichina makubwa. Nikamwendea bibi mmoja mwenye mfuko wa mboga, nikainamisha kichwa kumwamkia, nikampa simu. Akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akasoma kwa sauti, uso ukamchangamka. Akanishika mkono mpaka kwenye kibao cha kituo cha basi, akaweka kidole kwenye jina moja katika orodha ya vituo, halafu akaninyooshea dole gumba na kidole cha mwisho, vya katikati amevikunja. Nikadhani ananiambia nipige simu. Akatikisa kichwa, akaanza kuhesabu taratibu, kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, kisha akarudia ile ishara. Sita! Wachina huhesabu kwa mkono mmoja mpaka kumi, na sita yao ndiyo hiyo. Nane ni dole gumba na kidole cha shahada. Nikapanda basi alilonionyesha, nikahesabu vituo sita, nikashuka, na mbele yangu nikaona ngazi za kuteremka kwenye treni. Ishara zile zilinifaa sana baadaye sokoni, kwenye kupatana bei, pale kelele zinapozidi na kikokotoo hakipo karibu.

Kuanzia siku ile sitegemei anuani ya Kiingereza. Kabla ya kuteremka ngazi za kituo cha karibu na ninapolala, napiga picha mbili: kibao chenye jina la kituo kwa Kichina, na herufi ya mlango. Hiyo herufi watu wanaidharau. Kituo kimoja kinaweza kuwa na milango A, B, C, D na zaidi, na ukitokea usiokuhusu unajikuta ng'ambo ya barabara ya njia nane, juu kuna daraja la magari, na pa kuvukia hupaoni. Ukiona umetokea siko, rudi chini utembee humo humo ndani. Ukizunguka kwa juu utachoka bure.

Safari yangu ya kila siku ilikuwa Xiaobei kwenda Zhongda, na nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi kwa namba tu. Xiaobei iko laini ya 5, nyekundu. Napanda inayoelekea Jiaokou, nashuka kituo kinachofuata, ambacho ni stesheni kuu ya reli, Guangzhou Railway Station. Hapo nafuata alama za namba 2, rangi ya bluu, nikiangalia treni ya kwenda Guangzhou South, nahesabu vituo saba mpaka Changgang. Changgang nahamia laini ya 8 kuelekea Wanshengwei, kituo cha pili ndicho Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, nako soko linaanzia. Wanaokwenda maonyesho makubwa ya biashara yale ya Aprili na Oktoba wabaki kwenye treni hiyo hiyo ya 8 mpaka Xingangdong au Pazhou. Huwezi kupotea ukijua jina la kituo cha mwisho cha upande unaoelekea, maana ndilo linaloandikwa kwenye jukwaa. Ndani ya treni juu ya mlango kuna mchoro wa vituo, na matangazo yanamalizia na Kiingereza. Nauli ya safari yote hiyo ilikuwa yuan nne au tano. Linganisha na 300.

Mashine za tiketi zina kitufe cha Kiingereza, zinatoa kidude cha plastiki cha mviringo mfano wa kifungo kikubwa cha koti. Unakigusisha getini ukiingia, na ukitoka unakitumbukiza kwenye tundu, kwa hiyo usikitupe. Noti ya 100 mashine hazikubali, na ndizo noti unazopewa ukibadilisha dola. Mimi nilikuwa nanunua maji dukani asubuhi ili nipate noti ndogo. Baadaye nikachukua kadi ya Yang Cheng Tong, unaweka pesa, unagusisha, inakubalika kwenye treni, mabasi na hata boti za abiria za mto Zhujiang. Ukiwa na Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, iliyounganishwa na kadi yako ya benki mambo yanakuwa mepesi zaidi, ila hiyo iandae ukiwa nyumbani, na benki yako ikuruhusu manunuzi ya mtandaoni. Google na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya kule, kwa hiyo ramani ya treni ipakue kabla ya kuondoka uwe nayo kama picha.

Kila kituo mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi. Makopo ya kupuliza, iwe ya nywele au ya mbu, yaache hotelini, na mkasi wa kukatia sampuli pia.

Saa za watu kwenda na kutoka kazini, usiiguse laini ya 3, hasa pale Tiyu Xilu inapokutana na laini ya 1. Nimezoea mwendokasi ya Kimara asubuhi, lakini Tiyu Xilu nilisimama pembeni treni zikipita moja baada ya nyingine bila kupata pa kuweka mguu. Saa nne asubuhi unapanda kwa raha na kiti unapata.

Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun ni laini ya 3 hiyo hiyo, unashuka Jiahewanggang na kuhamia ya 2 mpaka mjini. Yuan nane hivi, wakati teksi inapita 100. Ila treni zinafunga kama saa tano usiku, na ndege zikichelewa huna budi kupanda teksi. Zile zilizopanga foleni rasmi, si anayekufuata huku amekushika begi.

Marobota usiyaburute kwenye treni, huko ni kujitesa na kuwaudhi watu. Wenye maduka wa Zhongda wanapeleka mzigo mpaka ghala la wakala wako wa kargo kwa malipo kidogo. Wewe beba kalamu nene ya wino usiofutika, andika alama yako pande mbili za kila robota, lipige picha pamoja na risiti, ndipo uondoke dukani ukapande treni yako mikono mitupu.