Tuokote, lakini pia tuhesabu: vijana wa Bukavu na ufuo wa Ziwa Kivu

Mvua kubwa ikinyesha Bukavu, mashariki mwa Kongo, kesho yake ufuo wa Ziwa Kivu hupokea karibu kila kitu ambacho mji umetupa. Milima yetu ina miteremko mikali, nyumba za Kadutu, mojawapo ya komini (wilaya) za mji, zimebanana hadi ukingoni mwa mabonde, na vichochoro vingi havipitiki kwa gari lolote la kuzoa taka. Kwa hiyo taka humwagwa mtaroni, mvua huzisukuma hadi Mto Kawa na vijito vingine, na maji hayo huzifikisha ziwani. Ndiyo maana vijana wanaoshuka ufuoni Jumamosi kwa ajili ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, hukuta rundo jipya mahali palepale walipopasafisha, na ndiyo maana wengi wao hukata tamaa mapema. Naandika kwa sababu naamini kazi yao ina thamani kubwa kuliko wanavyoambiwa, ilmradi waruhusiwe kufanya zaidi ya kuokota.

Baadhi ya ndugu huniuliza kwa nini vijana wa mji ulio juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari wajihusishe na siku za kimataifa za kusafisha fukwe. Jibu liko katika njia ya maji yenyewe. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa Bukavu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika; kutoka Tanganyika maji hutoka kwa Mto Lukuga, pale Kalemie, yakaingia Lualaba, ambao ndio Mto Kongo, na safari huishia Banana, kwenye kipande kifupi cha pwani ambacho nchi yetu inacho kando ya Atlantiki. Huko, katika eneo la Muanda, kuna hifadhi ya bahari ya mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992. Sisemi kwamba chupa iliyotupwa Kadutu itafika kwenye mikoko ya Muanda. Nyingi hazivuki hata bwawa la kwanza.

Bwawa hilo ndilo linalopaswa kutushtua. Kituo cha umeme cha Ruzizi ya Kwanza, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kiko karibu kabisa na mahali mto unapotoka ziwani, na kila kinachoelea katika ghuba zetu huvutwa na mkondo kuelekea huko. Chupa na masashe, yaani mifuko myembamba ya plastiki, hujikusanya mbele ya kituo hadi uso wa maji usionekane. Yale yanayozama huziba vyuma vya kuchujia, maji yanayofika kwenye mitambo hupungua, na wakati mwingine wapiga mbizi hulazimika kushuka chini kuyatoa kwa mikono. Sashe ambalo mtu amelitupa mtaroni asubuhi kwa kudhani kwamba mvua italipeleka mbali linaweza kuwa miongoni mwa sababu za giza nyumbani kwake. Nikizungumza na wanafunzi huanza na umeme, kwa maana kila mmoja wao amewahi kusoma kwa tochi ya simu usiku wa kuamkia mtihani, na hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi.

Sasa nije kwenye kuhesabu. Mwaka 1986, huko Texas nchini Marekani, wanawake wawili, Linda Maraniss na Kathy O'Hara, waliandaa usafi wa ufuo ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi. Jambo lililoutofautisha ni kwamba kila aliyejitolea alipewa kadi ya kuandika aina ya kila kitu alichookota na idadi yake. Kwa miaka mingi vipande vya sigara viliongoza orodha hiyo duniani. Mtu aliyeokota gunia zima bila kuandika chochote amesafisha ufuo kwa siku chache, hadi mvua nyingine inyeshe. Aliyeandika ana ushahidi wa kupeleka mbele ya mwenye mamlaka na mbele ya mwenye kiwanda.

Katika kikundi chetu kazi ya kuandika tumewapa walio wadogo zaidi, nao wameipenda kuliko tulivyotarajia. Msichana mmoja hushika daftari lililofunikwa kwa nailoni na kuandika kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huyeyuka ukiguswa na maji, na wengine humtajia kwa sauti: kifuniko, kifuniko, sashe jeusi, kandambili, chupa ndogo. Chupa kubwa nzima ni chache kuliko mtu angetazamia, kwa sababu zina soko: huoshwa na kuuzwa tena kwa wenye mafuta ya mawese, maziwa au kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Zinazobaki ni zile zilizopondeka, pamoja na vifuniko, na zaidi ya vyote masashe membamba yasiyo na mnunuzi. Haya ndiyo magumu kuliko vyote. Yamelala tabaka juu ya tabaka, yameshikana na udongo, na ukivuta moja hukatika vipande vinne mkononi, kila kipande kikiwa chepesi kiasi cha kurudi majini kwa upepo tu.

Kisheria, masashe hayo yasingepaswa kuwepo. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku utengenezaji, uingizaji, uuzaji na matumizi ya mifuko na vifungashio vya plastiki nchini. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilikataza mifuko hiyo tangu mwaka 2008, na anayevuka kwenda Kamembe anajua kwamba sashe lake litaishia mpakani. Upande wetu sheria ipo kwenye karatasi na sashe lipo kwenye kila meza ya soko. Siku moja mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alitutazama kwa muda tukiokota, kisha akasema: «Wanangu, ninyi mnaokota, na mimi jioni nitamfungia mteja sambaza zake ndani ya sashe lingine. Mnataka nimfungie ndani ya nini?» Lilikuwa swali la haki kabisa, na sikuona kiongozi yeyote aliyewahi kulijibu. Majani ya migomba yanatosha kwa samaki mbichi. Kwa unga au sukari panahitajika mfuko wa karatasi wa bei ambayo mama huyo anaiweza, na hilo haliwezi kuamuliwa na kijana mwenye reki mkononi.

Hapa ndipo ninapokuwa na lawama. Vijana huitwa inapofika siku ya kupiga picha. Niliwahi kushiriki usafi mmoja ambapo fulana ziligawanywa, hotuba zikasomwa, magunia yakajazwa, kisha wageni wakaondoka na magunia yakaachwa palepale ufuoni bila gari la kuyachukua. Mvua ilipokuja yalipasuka na taka zikarudi ziwani. Usafi usiokuwa na mpango wa taka zinakokwenda ni afadhali usifanyike. Wenzetu wa Lamu walilifikiria hilo mapema: fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima, Flipflopi, kwa plastiki na kandambili zilizookotwa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Sisi hatuhitaji jahazi. Tunahitaji eneo moja lililo mbali na maji, gari la uhakika, na mnunuzi wa plastiki iliyochambuliwa.

Wavuvi pia wasisahauliwe. Sambaza tunazojivunia zililetwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ndizo uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa hili; anayevuta wavu usiku chini ya taa hujua kabla ya yeyote taka zimejikusanya ghuba ipi. Mzee mmoja wa uvuvi alitueleza kwamba baada ya mvua huanza kwa kung'oa masashe wavuni ndipo ahesabu samaki, na tangu hapo tumekuwa tukimuuliza kabla ya kuchagua mahali pa kwenda.

Kutokana na daftari letu tumeamua kupanda juu. Salongo ijayo itaanzia kando ya Kawa, pale mitaro ya Kadutu inapomwagika mtoni, na tutaandika mtaro gani unaleta nini, kisha orodha hiyo tutaipeleka kwenye ofisi ya komini tukiwa na wakuu wa avenyu (mitaa) husika. Mwenye nia ya kuungana nasi aje na buti, kwa kuwa vioo na sindano vipo, glavu nene, na kalamu ya risasi. Magunia tunayo, na safari hii gari limelipiwa kabla ya kuanza kazi.