Nilimtafuta perere kwa masikio

Bibi aliniambia perere, wale wanyama wadogo wa mitini wanaolia usiku, wameisha, nami nikaamini. Utotoni huku Amani, Usambara Mashariki, mlio wao ndio uliotufanya tujifunike shuka gubigubi: unaanza kama mlango mkavu unaokwaruza, unapanda, unapanda, mpaka unakuwa mayowe. Niliporudi kutoka Tanga mjini baada ya miaka kumi na moja nililala wiki nzima bila kuusikia. Bodaboda za kwenda Muheza nilizisikia vizuri sana.

Nikaanza kurekodi usiku kwa simu, na hapo nikapoteza miezi miwili. Simu imetengenezewa sauti ya mtu. Kukitulia inajiongezea sauti, kukiwa na kelele inajipunguzia, kwa hiyo usiku mkavu na usiku wa vyura unasikika sawasawa. Utalinganishaje Machi na Juni kwa mizani inayojisogeza yenyewe?

Rafiki akaniazima AudioMoth, kidude kidogo cha kurekodi sauti kinachokula betri tatu kama zile za saa ya ukutani, na memori kadi. Unakipangia muda kwenye kompyuta. Nilikipangia dakika tano kila nusu saa, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, maana ukungu wa huku unaozesha hata viatu, nikakifunga kwenye mti shambani kwa mjomba, katikati ya iliki. Sikukihamisha. Mti uleule, kimo kilekile.

Kilichonisumbua zaidi ni watu. Siku ya tatu habari ilishaenea kwamba nimetega mashine ya kuwanasa wapasua mbao. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikawachezea waliokuwepo sauti za usiku mmoja. Walicheka waliposikia jogoo wa jirani. Lakini wasiwasi wao haukuwa wa bure: wiki iliyofuata kidude kilinasa msumeno wa mnyororo saa 9 usiku. Mjomba alisikiliza, akakunja uso. "Hii tuiache kwanza," akasema. Tumeiacha, na bado sina raha nayo.

Mmarekani mmoja anayerekodi sauti za porini, Bernie Krause, alirekodi Lincoln Meadow huko California mwaka 1988, kabla miti haijakatwa kwa kuchagua, akarudi mwaka uliofuata. Kwa macho palikuwa vilevile. Kwenye rekodi ndege walikuwa wamepungua mno. Yeye alikuwa na rekodi ya kabla. Mimi nilikuwa na Bibi.

Kusikiliza saa zote zile hakuwezekani, kwa hiyo nilitumia programu inayochora sauti: muda unakwenda kulia, wembamba wa sauti unakwenda juu. Nyenje ni mstari uliolala usiku kucha. Mvua inachafua ukurasa mzima. Perere ni vijiti vinavyosimama kimoja kimoja, kila kimoja kirefu kuliko kilichotangulia. Ukishamwona mara moja, unampata kwa kupitisha macho tu.

Kwenye iliki, kando ya barabara, usiku kumi na tisa ulinipa perere mmoja. Nikashusha kidude hadi bondeni mwa shamba hilohilo, karibu na kijito, ambako mjomba hajagusa miti mikubwa. Huko waliita karibu kila usiku, saa 2 hivi na tena saa 10 alfajiri. Perere hujificha kwenye mapango ya miti mizee, na ile ya karibu na nyumba ya Bibi ilishakuwa mbao kabla sijarudi. Hayo ni maelezo yangu. Kumi na tisa si usiku mwingi, na mvua zilikuwa hazijaanza.

Nilimvalisha Bibi hedifoni barazani. Alifumba macho.

"Dume huyo," akasema. "Yuko kule kwenye mkuyu."

Sikuwa nimemwambia nilirekodia wapi. Nikataka kumwekea na ile ya kando ya barabara, akanishika mkono.

"Hiyo ya kwangu naijua, mjukuu wangu. Rudisha ya bondeni."