Nilivyochagua themostati isiyo na waya kwa banda langu la vifaranga

Kundi langu la kwanza lilikuwa vifaranga 300. Usiku wa nne nilipoteza 41.

Nilikuwa nawapasha joto kwa sigiri mbili za makaa. Kila baada ya saa mbili naamka, najifunga shuka, nachukua tochi, natoka kwenda bandani. Usiku ule usingizi ulinizidi, nikaamka saa tisa badala ya saa nane. Makaa yalikuwa yameshakuwa majivu. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja, walio juu wazima, walio chini wamekosa hewa. Niliwatoa mmoja mmoja nikiwaweka kwenye beseni, na mpaka leo nakumbuka jinsi walivyokuwa wepesi mkononi.

Tunakaa Kapchorwa, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Alfajiri ya Julai kipimajoto changu kimewahi kuonyesha nyuzi 12 za Selisiasi nje ya banda, na kifaranga wa wiki ya kwanza anataka kati ya 32 na 35. Baada ya hapo unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka ufike 21 hivi, manyoya yanapokuwa yamemfunika. Halafu sigiri ina ubaya mwingine. Ukifunga madirisha ili joto lisitoke, unafungia ndani na hewa ya sumu ya makaa, ile monoksidi ya kaboni isiyo na harufu. Nilikuwa natoka mle ndani kichwa kinagonga, nikidhani ni uchovu.

Nikahamia umeme: taa nne nyekundu za kupasha joto, wati 250 kila moja. Usiku walilala vizuri. Mchana jua likipiga mabati, taa bado zinawaka, vifaranga wanahema midomo wazi wamejibana ukutani, na Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, inakula uniti kama ina njaa ya mwaka mzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nahitaji themostati, kitu cha kuwasha na kuzima taa kwa kufuata joto lenyewe, si kwa kufuata kuamka kwangu.

Dada yangu anaishi Leeds, Uingereza. Nilipomweleza kwa simu akasema, "Mdogo wangu, mbona nyumba zote za huku zina kidude hicho? Tumebadilisha chetu juzi, cha zamani kiko kabatini. Nitakuletea Desemba." Akanieleza kinavyofanya kazi kwao. Kuna boila inayochemsha maji, maji yanazunguka kwenye mabomba na redieta za kila chumba. Kidude cha ukutani kinapima joto la chumba, kinatuma ishara ya redio kwa kisanduku kilicho kando ya boila, na kisanduku kinaiambia boila iwake au izime. Hakuna waya kati ya viwili hivyo. Cha ukutani kinatumia betri mbili ndogo.

Hilo la kukosa waya ndilo lililonivutia. Themostati ya waya ni rahisi kupata na bei yake ni ndogo. Ile STC-1000 ipo kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme na inafanya kazi yake vizuri. Lakini kihisi chake, yaani sehemu inayopima joto, kiko mwisho wa waya mwembamba, na mimi kila wiki napanua duara la uzio wa vifaranga na kuhamisha kihisi. Waya unapita kwenye maganda ya kahawa tunayotandika chini, unachanganyika na kinyesi, panya wanauguguna usiku. Nilitaka kihisi ninachoweza kukibeba na kukitundika popote.

Dada alipokuja nacho nilikishika kama yai. Fundi wangu wa umeme akakifungua, akasoma maandishi ya nyuma, akatikisa kichwa.

"Mama, hiki hakitafaa."

"Kwa nini, fundi? Ni kizima."

"Ni kizima kwa nyumba. Angalia, mwisho wake ni nyuzi 30. Vifaranga wako wanaanzia 33. Na hii rilei, swichi iliyo ndani ya kisanduku, imeandikwa ampea 3. Taa zako nne ni wati 1,000. Gawanya kwa volti 240."

Nikagawanya kwenye simu: ampea 4 na kidogo. Akasema hilo la pili lina dawa: kisanduku kiwashe kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme, na kontakta ndiyo ibebe mzigo wa taa. La nyuzi 30 halikuwa na dawa. Kidude kilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokaa sebuleni kwenye nyuzi 20, kingepata wapi sababu ya kufika 33? Nilikirudisha kwenye boksi lake kwa uchungu. Ila kiliniachia maswali mawili ya kwenda nayo dukani: kinafika nyuzi ngapi, na kinabeba ampea ngapi.

Swali la tatu nililipata mwenyewe njiani kwenda Kampala, ndani ya basi, nikiwaza usiku ule wa 41. Betri ikifa, je? Ishara ikikatika, kisanduku kitafanya nini?

Nilizunguka Kikuubo na William Street siku nzima. Duka la kwanza kijana alinionyesha ya waifai, nzuri kweli, unaangalia joto kwenye simu hata ukiwa sokoni. Nikamwomba azime intaneti ya duka. Themostati ikaendelea na kazi, lakini simu ikawa haioni kitu. Kwetu mtandao hupotea mvua ikinyesha, na mvua ndiyo saa ninayotaka kuona joto kuliko saa nyingine yoyote. Nikaiacha.

Duka la pili walikuwa na aina mbili za themostati za redio za kuchomeka kwenye soketi: plagi inayobeba ampea 16, na kihisi cha mkononi chenye kioo kinachoonyesha joto. Zote mbili zinafika juu ya nyuzi 40. Nikamwambia mwenye duka, "Mwanangu, chomeka zote mbili, weka taa, kisha toa betri za kihisi." Alishangaa, lakini akafanya. Tukakaa kusubiri, akaniagizia na chai.

Ya kwanza haikuzima. Dakika 20 zilipita, taa inawaka tu, kwa sababu amri ya mwisho iliyoipokea ilikuwa "washa". Bandani kwangu hiyo ingechoma vifaranga, na pengine banda lote, maana maganda makavu ya kahawa hayangoji kiberiti. Ya pili baada ya kama dakika 10 ilizima na kuanza kulia, mlio mwembamba wa kukatika-katika. Sikuipenda kuzima, lakini kati ya joto kupungua polepole na moto, najua lipi linanipa muda wa kuamka.

Kisha nikamwomba achomoe plagi na kuirudisha, kama umeme unavyokatika na kurudi kwetu. Ile ya kwanza ilirudi ikiwa imesahau kila kitu na kujiweka nyuzi 20. Ya pili ilirudi na 33 yangu. Nililipa shilingi 185,000 bila kuomba apunguze sana.

Kufunga kwake kulichukua wikiendi nzima, na hapa ningeomba mtu yeyote mwenye banda la mabati asikilize. Plagi iko stoo, kihisi kiko bandani, umbali wa mita sita tu, na siku ya kwanza ililia kila baada ya nusu saa. Ukuta wa kati ni mabati, na mabati yanazuia redio. Tulihamisha soketi upande wa ukuta wa mbao, ikanyamaza.

Kihisi nilikiweka kwanza chini ya taa moja kwa moja, kosa ambalo karibu kila mtu hufanya. Kilikuwa kinasoma 36 huku vifaranga walioko pembeni wanatetemeka. Sasa kinaning'inia nusu ya njia kati ya taa na ukingo wa duara, juu ya maganda kwa kimo cha mgongo wa kifaranga, vidole vitatu hivi. Nimekiingiza kwenye kopo la plastiki nililotoboa matundu mengi, vumbi lisikizibe, na kila asubuhi nakipangusa. Tofauti ya kuwasha na kuzima nimeweka nyuzi moja. Nilijaribu nusu, taa zikawa zinapepesa kila mara na vifaranga wanashtuka.

Hata hivyo siiachii kazi yote. Kihisi kinaposema 33, bado nachungulia: wakirundikana chini ya taa ni baridi, wakikimbilia ukingoni na kuhema ni joto, wakitawanyika wakilala kama mbegu zilizomwagwa, basi tuko sawa. Na ile STC-1000 niliinunua pia, nikaiwekea taa ya tano peke yake, kihisi chake kimefungwa juu panya wasipofika, nyuzi 28. Ya redio ikizima, hiyo inashika. Betri nabadilisha kabla ya kila kundi, hata kama za zamani bado zina nguvu.

Umeme wenyewe ukikatika hakuna themostati itakayosaidia. Kwa hilo nina chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa nguo, na sigiri moja inayokaa nje ya mlango mpaka moshi uishe, halafu inaingia dirisha la juu likiwa wazi.

Kundi la mwisho lilikuwa 350. Usiku wa sita mlio uliniamsha saa kumi kasoro. Kihisi kilikuwa kimeangukia maji ya kunywa. Nilikifuta, nikabadilisha betri, nikakaa kwenye ndoo nikiangalia kioo kikipanda: 29, 30, 31. Taa ya tano ilikuwa imewaka muda wote, na vifaranga walikuwa chini yake wamesongamana kidogo tu, hakuna aliyekanyagwa. Nilipowahesabu asubuhi walikuwa 347, na wale watatu waliopungua nilikuwa nimewazika siku ya kwanza, walifika kutoka kwa mtotoleshaji wakiwa tayari wamechoka na safari.